Dongodongo katika Pipa la Juu

Ukutani kwangu, hapa Kasongo, kulikuwa na karatasi ndani ya kioo. Nimeitoa mwezi uliopita, na pale ilipokuwa pamebaki mraba mweupe kama kovu. Wajukuu wangu wote waliojifunza Kifaransa walijipima kwanza kwa karatasi ile. Imepigwa mashine, inasema kwamba Mwayuma, ndiye mimi, alifanya kazi mwaka mzima katika laboratwari, yaani maabara, ya maji kando ya mto Luama, na kwamba maji aliyoyatayarisha yalikuwa safi ajabu. Nimejivuna nayo miaka hamsini na zaidi. Wanawake wenzangu walipoleta habari za waume zao waliokuwa makarani, mimi niliwaambia kwamba sikuhitaji mume wa kunisemea, nilifanya kazi na maprofesa mimi mwenyewe. Mjukuu wangu Sifa, anayesomea sayansi, aliwahi kuleta wenzake wa darasa waje kunitazama, nami nikavaa kitenge kipya nikakaa kwenye kiti kama shefu wa kijiji. Sikuwadanganya watoto wale. Niliwapa nusu tu. Nusu iliyobaki ndiyo hii, na ninaiandika kwa mkono wangu mbovu. Sifa anasahihisha herufi, maneno hayagusi.

Habari ililetwa na mchuuzi wa mawese. Alitua madumu yake mbele ya mlango wangu, akaomba maji ya kunywa, na akiwa bado anajifuta midomo akasema njia ya Lusangi imeharibika kabisa, na tena kule iko kilio, mzee Anakleti amekufa, yule wa mashamba ya mpunga. Nilimwambia arudie jina. Akarudia. Nikamjazia kikombe mara ya pili ingawa hakuomba, kwa sababu mikono yangu ilitaka kitu cha kufanya.

Habari za kwetu nyumbani sitazisema, zina watu wengi na hazihusiki. Ilikuwa miaka michache kabla Wabelgiji hawajaondoka, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita hivi, nina shingo ndefu na mdomo mrefu kuliko shingo. Profesa mmoja alikuja na wanafunzi wake wawili, wametumwa na chuo kikuu cha kwao Ulaya, wakajenga nyumba pale njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare inapokutana na Luama. Nyumba ilikuwa ndefu kama kanisa, paa la bati, kuta za matofali mpaka kiunoni na juu yake nyavu za kuzuia mbu. Ndani hamkuwa na kitanda wala meza ya kulia. Mlikuwa na pipa kubwa limepandishwa juu ya magogo manne, tuliliita pipa la juu. Tumboni mwake kulitoka bomba jembamba la chuma lililokwenda hatua thelathini nzima, katikati likiwa na kipande cha kioo ili maji yaonekane yakipita, na mwisho wake kulikuwa na pipa la chini lenye mstari mwekundu. Kazi ya wasomi wale ilikuwa hii: fungulia maji juu, bonyeza saa, ngoja yafike kwenye mstari mwekundu chini, bonyeza saa tena, andika kwenye kaye, daftari lao. Kisha mwaga, jaza, anza upya. Siku nzima. Walitaka kujua maji yenye tope na maji safi yanatembea vipi ndani ya bomba, ni yapi yanasuguana zaidi na chuma. Mzee Ramazani, mpishi wao, mtu wa Kasongo mjini ambaye hakuvua kofia yake nyeupe hata akimenya vitunguu, alitucheka sote tuliokuwa tunafanya kazi pale. Alisema wazungu wamevuka bahari kuja kutazama maji yanavyotembea, kwani kwao yamekaa chini?

Mimi nilikuwa msimamizi wa maji. Wanawake wanne walichota mtoni, wakapanda ngazi na ndoo kichwani wakamimina, na mimi nilisimama juu pale na mwiko mrefu kama mwenye nyumba. Profesa alikuwa mtu mrefu, mgongo umepinda. Tulimwita Bwana Polepole, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili na karibu la mwisho. Mengine yote yalipita mdomoni mwa Anakleti. Anakleti alikuwa kijana wa Lusangi, amemaliza masomo ya mapadri, shati lake limepigwa pasi mpaka lina kingo. Ndiye aliyeshika saa, ndiye aliyeandika kaye, ndiye aliyetafsiri. Angeweza kula na makarani kule kambini, lakini mchana alikuja nyuma ya jikoni kukaa nasi kwenye magogo, ambako Mzee Ramazani alitupa wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, na vile vigandaganda vya mkate vilivyobaki mezani kwa wazungu. Pale alinifundisha namba. Aliziandika kwa mkaa ubavuni mwa pipa la chini, moja mpaka mia, na nikikosea alinifanya nifute kwa kiwiko changu mwenyewe. Ndiyo shule yangu, nyingine ya namba sikuipata. Nilipozijua aliniachia nishike saa, nione mshale unavyozunguka, nimwambie imesimama wapi. Na pale pale kwenye magogo alitupa siri yake, kwamba Bwana Polepole amewaandikia barua wakubwa wa chuo kikuu, kwamba kazi ya bomba ikiisha vizuri atamchukua Anakleti akasome pamoja na wale wanafunzi wawili.

“Nitasoma maji,” alisema.

“Ukimaliza kuyasoma,” Mzee Ramazani akamjibu, “utakunywa karatasi.”

Tulicheka mpaka wali ukatutoka. Lakini niliona Anakleti alivyolikunja tena lile neno, chuo kikuu, na kulirudisha moyoni kama mtu anayekunja nguo ya sikukuu. Hakuna mtu wa upande wetu aliyewahi kwenda huko. Hata mapadri walisema haiwezekani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana ninazunguka. Kwa majaribio ya maji safi, amri ilikuwa moja. Anakleti aliitafsiri mara tatu ili wote tusikie: jazeni pipa la juu, musiguse, siku tatu, tope litulie lenyewe. Wakati wa kiangazi hiyo ni rahisi. Lakini masika yalipoingia, Luama ikawa nyekundu kama tofali bichi, na baada ya siku tatu maji ya pipa la juu yalikuwa bado kama maji yaliyooshewa mchele. Bwana Polepole alipanda ngazi, akachungulia, akatikisa kichwa, akashuka. Na mimi nilisimama chini ya ngazi nikaona aibu ikinipanda kuanzia miguuni. Lazima mnielewe. Kwetu msichana alipimwa kwa mtungi wake. Mama mkwe akija kukutazama, sura haitazami, anachota kwanza kikombe cha maji, anakielekeza kwenye mwanga, na kama iko tope anakirudisha bila kunywa na anaondoka. Maji ya kwetu, mikononi mwangu mimi, yalikuwa yanajulikana. Na sasa mgeni kutoka Ulaya ameyatazama na kutikisa kichwa.

Kusafisha maji sisi tunajua, mzungu hakuuliza tu. Unachukua shina changa la dongodongo, lile tunda la utelezi ambalo watu wa pwani wanaliita bamia. Unaliponda kidogo, unalisugua ndani ya maji kwa kiganja, unakoroga taratibu upande mmoja. Utelezi unakamata tope na kulivuta chini, na kesho yake juu iko kioo. Basi jioni ile, wenzangu walipokwenda kuoga, nilipanda ngazi na mashina yangu ndani ya kitenge. Asubuhi Bwana Polepole alichungulia akaona mpaka misumari iliyoko katikati ya pipa. Alishuka, akanijia, akanipa mkono. Mbele ya wanawake wanne, mbele ya Mzee Ramazani, mzungu alishika mkono wangu huu akautikisa. Kiganja chake kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga. Siku nne nilikula kwa mkono wa kushoto ili nisiuchafue ule ulioshikwa, na mama mmoja alinigombeza kwa ukosefu wa adabu.

Tangu siku hiyo sikuacha. Masika yote niliponda dongodongo. Bwana Polepole na wanafunzi wake walikuwa mtoni kwenye mtumbwi, wanapima mto wenyewe, na bomba waliliacha kwa Anakleti peke yake. Na huko kwenye bomba jambo likaanza kuwa la ajabu. Maji yalikuwa yanafika kwenye mstari mwekundu mapema mno. Anakleti aliitikisa saa, akaiweka sikioni, akapima kwa mapigo ya moyo wake, akaanza upya. Alidondosha rangi nyekundu kwenye bomba, na pale kwenye kioo, mahali ambapo zamani rangi ilikatikakatika na kuchafuka, sasa ilipita imenyooka kama uzi. Aliniita nishike saa mimi. Nilishika. Nikaona kwa macho yangu, na namba nilizisoma mwenyewe.

“Yanakimbia, Mwayuma,” alisema. “Yanakimbia kuliko vile kitabu kinasema.”

“Labda yanakukimbia wewe, yaya,” nikamwambia, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa. “Umeyatia hofu.”

Alicheka, akaandika alichokiona. Siku nyingine alinikuta nyuma ya jikoni nina shina mkononi, vidole vinavuta utelezi kama nyuzi. Aliuliza kama leo Mzee Ramazani anapika dongodongo. Nilisema ndiyo. Mzee Ramazani siku ile alipika kuku. Anakleti alikula kuku wake, akanitazama, akarudi kwenye bomba lake.

Kisha mvua zikaisha. Luama ikashuka, ikawa nyeupe yenyewe, na mimi nikaacha dongodongo kwa sababu hapakuwa na tope la kukamata. Bwana Polepole alirudi kutoka mtoni, akafungua kaye ya Anakleti, akaisoma siku mbili bila kula vizuri; Mzee Ramazani alirudisha sahani zimejaa. Siku ya tatu alichukua saa akapima mwenyewe. Maji yalitembea polepole, sawasawa na kitabu. Akapima tena. Akawapa wanafunzi wapime. Sawasawa na kitabu. Bomba ni lile lile, pipa ni lile lile, maji safi ni yale yale, na mtu aliyepima masika yote alikuwa mweusi mmoja peke yake bila mwangalizi. Mnaona wenyewe walivyofikiri. Walisema amekaa kivulini akatunga namba.

Tuliitwa wote ndani ya nyumba ya maji, mchana, bati linalia kwa joto. Bwana Polepole hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alizungumza kwa sauti ya mtu aliyefiwa, na Anakleti alisimama kando yake, shati limepigwa pasi, akitutafsiria sisi mashtaka yake mwenyewe, neno kwa neno, hata moja hakulipunguza. Kisha profesa akanigeukia mimi. Akasema kirefu. Anakleti akatafsiri akiniangalia usoni.

“Bwana anauliza: maji ya masika na maji ya sasa, kuna kitu chochote ulifanya tofauti? Ulitia kitu? Anasema usiogope.”

Nilitazama wale wanafunzi wawili, mmoja ameshika kalamu tayari kuandika. Nilijua. Sitasema kwamba sikujua. Sababu sikuijua, jinsi ute wa mboga unavyoweza kukimbiza maji, hiyo hata profesa hakuijua. Lakini nilijua kwamba masika nilitia na kiangazi sikutia, na hata mtu ambaye hakusoma anaweza kuweka vitu viwili hivyo kando kando.

“Hapana, yaya,” nikasema. “Ni maji tu.”

Anakleti akamgeukia profesa akamwambia kwa Kifaransa, na maneno hayo nayakumbuka kwa sauti ingawa Kifaransa sijui, maana yake Sifa amenieleza: anasema ni maji tu. Alitafsiri sawasawa. Alikuwa na nafasi ya kutafsiri kitu kingine, na mimi nisingejua. Profesa akamuuliza kama yeye ana neno. Akasema ameandika alichokiona. Basi Bwana Polepole alikaa kwenye meza, akachukua rula na wino, akapiga mstari juu ya kila ukurasa wa masika, mmoja mmoja, mistari imenyooka vizuri, na Anakleti amesimama pale mpaka wa mwisho.

Nafsi yangu nimeiambia miaka yote kwamba niliogopa. Na kweli niliogopa. Wakati ule mtu mweusi akitia jani kwenye maji ya mzungu, jina lake ni sumu, na baada ya jina ni boloko, yaani jela, na fimbo. Mzee Ramazani aliwahi kutuhadithia mpishi mwenzake aliyefungwa kwa ajili ya majani ya kutibu tumbo. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Kitu kingine kilichonifunga mdomo kilikuwa ule mkono. Ningesema, ingejulikana kwamba usafi wangu ulikuwa wa kuvunja amri, na mzungu angeurudisha mkono wake. Kwa ajili ya mkono uliotikiswa mara moja, nilimwacha mtu akaondoke na sanduku lake la bati kichwani, kwa miguu, njia ya Kabambare, na ahadi ya chuo kikuu imefutwa. Nilikuwa juu ya ngazi ninakoroga maji ya tope kwa mwiko alipopita. Alinisalimu. Alisema, “Baki na amani, Mwayuma,” kama vile anakwenda sokoni. Wiki chache baadaye wazungu nao walifunga mizigo, na Bwana Polepole akanipa karatasi ile iliyokaa ukutani.

Kwenda Lusangi kwenye kilio nilipanda pikipiki, mimi mwenye magoti haya, nimefungwa kwa kitenge kiunoni na dereva ili nisidondoke, na mara mbili tulishuka tukasukuma kwenye tope. Nilifika siku ya kuondoa matanga. Nilikaa na wanawake kwenye mikeka, nikala wali na sombe, nikasema nilimjua marehemu zamani, kidogo. Mjane wake, Mama Veneranda, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru, alikuwa anaelekeza wajukuu uani. Walikuwa wanasimamisha mwanzi mrefu juu ya nguzo mbili, umetobolewa ndani mafundo yote, upande mmoja chungu, upande wa pili beseni. Mwanamke aliye kando yangu akaniambia huo ulikuwa mchezo wa babu yao. Kila masika aliwafanyia watoto: kwanza maji matupu, wanahesabu mpaka yaishe, kisha maji yaliyotiwa dongodongo, wanahesabu tena. Ya dongodongo yanakimbia. Mjane alitaka wafanye leo, kwa sababu mzee aliupenda mchezo ule kuliko sala.

Niliacha kula. Basi alijua. Alikwenda nyumbani na sanduku lake, akakata mwanzi, akatafuta mpaka akaipata, sababu ambayo profesa na kitabu chake hawakuipata. Watoto walihesabu maji matupu: ishirini na tatu. Kisha wakaanza kuponda dongodongo, na waliponda vibaya, mashina mengi, wakakoroga kama wanapika bugali, na chungu kikawa mlenda mzito unaoning’inia. Nilivumilia nikashindwa. Nilisimama na magoti yangu.

“Mumezidisha,” niliwaambia. “Leteni maji mengine.”

Nilichukua shina moja, urefu wa vidole viwili. Nikaliponda kwa kidole gumba, nikalisugua ndani ya chungu kwa kiganja, upande mmoja, taratibu. Nilipoinua macho Mama Veneranda alikuwa amesimama mbele yangu, anaitazama mikono yangu, si uso.

“Alisema binti mumoja wa Luama ndiye alimufundisha hivyo,” akasema. “Jina alikataa kunipa, miaka yote. Mimi nilizani ni mwanamuke wake. Nilimugombeza sana kwa ajili ya ule binti.”

“Hakuwa mwanamke wake,” nikasema. “Ni mimi. Alinitazama nikifanya, akanyamaza. Na profesa aliponiuliza, mimi nikakataa.”

Uani watoto walisukumana. Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane. Alitazama mikono yangu muda mrefu, utelezi unadondoka kwenye vumbi. Akaniambia kwamba uhuru ulipofika, wakati hapakuwa tena na wa kunifunga, Anakleti aliandika barua kwa profesa kumweleza habari ya dongodongo, na barua ilirudi haikufunguliwa, kwa sababu alijua jina la mji tu. Akaniambia hilo bila hasira, kama mtu anayeonyesha mahali kitu kilipowekwa. Kisha akakaa kwenye kiti chake.

“Koroga basi,” akasema. “Watoto wanangoja.”

Nikakoroga, nikaachia maji. Watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti, nami nikahesabu pamoja nao, kwa namba zile zile alizoniandikia kwa mkaa, moja, mbili, tatu, na tulipofika kumi na nane chungu kilikuwa kitupu.